Mjomba wangu alikuwa mpiga tarumbeta Siku ya Mashujaa

Umeuliza nani ana ndugu aliyekuwa jeshini upande wa shughuli za heshima, yani bendi, gadi ya heshima, wapiga mizinga, na familia inamkumbukaje. Mimi ninae, mjomba wangu kabisa, kaka yake mama, alikuwa bendi ya JWTZ, jeshi letu la Tanzania, na miaka kadhaa yeye ndo alipiga ile tarumbeta ya maombolezo Siku ya Mashujaa, ile ya kuwakumbuka waliokufa kwa ajili ya nchi, pale Mnazi Mmoja, Dar.

Wengi siku ile wanakumbuka Rais akiweka mkuki na ngao mnarani, Mkuu wa Majeshi anaweka sime. Sisi nyumbani Temeke tulikuwa tunaianza wiki mbili kabla, maana mjomba alikuwa anabadilika. Ile tarumbeta haina vitufe kama hizi za bendi ya harusi, ina noti kama tano tu na zote unazitengeneza kwa midomo na pumzi, ukitetereka kidogo imekatika na hakuna wa kukuzibia, umesimama peke yako na uwanja mzima umenyamaza. Sasa kipindi cha kusi midomo inakauka inapasuka, basi kila usiku anapaka mafuta ya mgando, asubuhi anayafuta yote kwasababu mdomo ukiteleza sauti inakimbia. Pilipili hagusi, chai ya moto anaisubiri ipoe. Mazoezi ya nyumbani alitumia kile kipande cha mdomoni tu, anakaa uani anapuliza, sauti kama nyuki kafungiwa kwenye chupa, na sisi watoto tumekatazwa kumchekesha.

Mkewe, tulimwita anti, ndo alikuwa anapiga pasi ile sare, pasi ya mkaa, na hakutaka mtu mwingine aiguse. Yule mama nae alitumikia jeshi kwakweli.

Nikiwa darasa la tatu mama akatupeleka, tukapanda basi la UDA alfajiri, tukafika tukakuta watu wameshajaa, nikabebwa mabegani nikaona kofia ya mjomba tu. Afu kimya. Ilivyoanza ile sauti nikajua ni yeye hata kabla mama hajanibonyeza, maana nilishaisikia vipande vipande uani, ila sikuwahi kuisikia nzima, na inavyopanda ile ya juu na kukaa pale mwili wote ulinisisimka. Mama alikuwa analia. Baba yao, babu yangu, alipelekwa Burma na KAR, jeshi la Waingereza la huku Afrika Mashariki, kwenye vita ya pili ya dunia, akarudi, vijana wawili wa kijijini kwao hawakurudi, na babu mpaka anakufa alikuwa anawataja. Mjomba mwenyewe alienda vita ya Kagera 1978, nae akamwacha huko mwenzake waliyekuwa wanalala chumba kimoja kambini. Niliwahi kumuuliza anawaza nini akipiga, akasema "ukiwawaza sana koo linabana, usipowawaza kabisa inatoka kama honi."

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hatuna picha yake hata moja akiwa pale. Enzi hizo huku bara hatukuwa na TV, ni Radio Tanzania tu, kwahiyo sauti yake iliingia nyumba za watu nchi nzima lakini jina lake halikutajwa, na sisi wenyewe hatukuwaza kutafuta mpiga picha. Kwahiyo ndugu yangu kama mzee wako yupo hai washa simu umrekodi leo, na usianze na Nyerere alikuwaje akikagua gwaride, hayo atakujibu kwa kifupi. Muulize siku ile aliamka saa ngapi, alikula nini, viatu alisugua na nini, nani alikuwa kushoto kwake. Mimi nilivyouliza hivyo aliongea masaa mawili, mambo ambayo hata anti hakuwahi kuyasikia.

Sasa hivi meno ya mbele yameisha, na bila meno hayo midomo haina pa kushikilia, hapigi tena. Kile kipande cha mdomoni kipo kabatini kimefungwa kwenye leso. Sherehe nazo miaka hii zinafanyika sana Dodoma, kwahiyo 25 Julai tunamuwekea TBC, na ikifika pale pa tarumbeta anasimama, mikono imenyooka, midomo inacheza. Mwaka jana masikio yalishaanza kupungua, akanigeukia akauliza, "ile ya juu kaifikia?" Nikamwambia kaifikia mjomba. Ndo akakaa.