Maswali Yenu: Pikipiki Penye Msongamano, Kuanzia Mwanga Hadi Mwandiga

Barua nyingi za mara hii zimetoka Kigoma mjini na pembezoni mwake. Tumechagua tano.

Ninaendesha bodaboda, kijiwe changu kipo Mwanga. Walionitangulia walinionya nisiguse breki ya mkono kwa sababu "inabinua". Lakini nikishuka Lumumba kuelekea stesheni nikiwa na abiria, nikikanyaga breki ya mguu kwa nguvu nyuma kunateleza. Nifanyeje?

Ndugu, onyo hilo ndilo linalokutelezesha. Pikipiki ikipunguza mwendo, uzito huhamia mbele, na kwenye mteremko huhamia zaidi. Tairi la nyuma linabaki jepesi. Ukilikaba linajifunga, na likishajifunga linaburuzika tu. La mbele wakati huohuo limekandamizwa kwenye lami, kwa hiyo ndilo lenye nguvu ya kukusimamisha. Anayetumia mguu peke yake ameacha zaidi ya nusu ya breki zake bila kazi.

Wanaoanguka kwa breki ya mbele mara nyingi wameikamata ghafla kwa kiganja kizima, usukani ukiwa umekata kona. Wewe nyoosha usukani kwanza, achia moto (kishikio cha mafuta), kisha bana kwa vidole viwili kama unavyokamua limau. Ukiona shokapu za mbele zimezama, ujue uzito umeshafika mbele. Hapo ndipo uongeze nguvu. Mguu uusaidie mkono kidogo tu. Usukani ukilegea ghafla, tairi limeanza kuteleza: achia, kisha bana upya. Jizoeze uwanjani bila abiria, kwa kilomita 20 kwa saa, halafu 30, mpaka mkono ufanye bila kufikiri.

Zipo sehemu ambazo breki hiyo itakuangusha kweli: kwenye kona, kwenye mchanga uliomwagika juu ya lami, na kwenye mawese. Doa la rangi ya machungwa mbele ya duka la mafuta liheshimu kama shimo. Mvua za kwanza baada ya kiangazi nazo ni mbaya, kwani vumbi na oili ya miezi mingi vinageuka utelezi kabla havijasombwa. Sehemu hizo mwendo unapunguzwa kabla ya kufika, siyo ukishafika.

Jambo la mwisho kuhusu mteremko: usiteremke na free, yaani bila gia, ili kuokoa mafuta. Weka gia ya pili au ya tatu, injini ikushike. Breki ya nyuma ya ngoma ikikanyagwa mteremko mzima hupata moto, na breki shuu zenye moto hazikamati vizuri.

Karibu na soko Hiace zinasimama ovyo. Nizipite kushoto au kulia?

Kushoto, kamwe. Mlango wa abiria upo huko, na anayeruka nje na kapu la dagaa haangalii nyuma. Kulia unaweza, ukiacha nafasi ya mita moja ubavuni na mwendo usiozidi wa mtu anayekimbia taratibu. Huku unakaribia, tupia jicho chini ya gari: ukiona miguu mbele yake, mtu yuko karibu kujitokeza. Usingoje indiketa pia. Angalia gurudumu la mbele. Likianza kugeuka, gari linatoka, dereva awe amewasha indiketa au hajawasha. Kwa bajaji sheria hii ina thamani mara mbili, maana inageuka ndani ya nafasi ndogo sana.

Barabara ikifunguka, usimng'ang'anie wa mbele. Kwa kilomita 40 kwa saa unakwenda mita 11 kila sekunde, yaani urefu wa Hiace mbili, na sekunde hiyo ya kwanza kwa kawaida inaisha kabla vidole havijagusa breki. Acha sekunde mbili kati yenu, na lami ikiwa imelowa acha nne. Mwingine akiingia kwenye nafasi hiyo, rudi nyuma uitengeneze upya.

Pale Mwandiga malori ya Manyovu na Kasulu hupunguza mwendo, na kushoto kwake hubaki uwazi mkubwa. Mwenzangu alipenya hapo akabanwa, akaponea chupuchupu. Kosa lilikuwa la nani?

Dereva mwenzetu, hatukuwepo, hivyo hatutamhukumu mtu. Tunachojua ni namna uwazi huo unavyotokea. Lori refu likitaka kukata kushoto, dereva hulipeleka kulia kwanza ili apate nafasi ya kugeuza. Aliye nyuma anaona njia imefunguka, kumbe inaandaliwa kufungwa. Kichwa kikishageuka, tela halifuati njia ya kichwa. Magurudumu yake ya nyuma hukata kwa ndani na kulamba ukingo wa barabara. Anayekuwa hapo anasukumwa pembeni, na pembeni kukiwa na mtaro au ukuta hana pa kukimbilia. Dereva naye, akiwa juu kule, hamwoni mtu aliye chini ya dirisha lake la kushoto.

Kipimo ni kioo chake cha pembeni. Kama huuoni uso wa dereva ndani ya kile kioo, chukulia kwamba naye hakuoni. Baki nyuma yake, rudi mpaka uvione vioo vyote viwili, na usubiri amalize. Ikiwa umeshaingia ubavuni na lori likaanza kugeuka, usijaribu kulishinda kwa moto: funga breki, piga honi mfululizo, na libaki mbele yako.

Kijana wangu anabeba madumu ya mawese kwa pikipiki, analalamika usukani unacheza. Na helmeti aliyonunua inapwaya. Mama, Ujiji.

Mama yetu, tuanze na mzigo. Dumu la lita 20 lililojaa mawese lina karibu kilo 18. Mawili yakikaa nyuma ya ekseli, yanainua mbele: tairi la mbele linapoteza mshiko, usukani unayumba, na usiku taa inamulika mitini badala ya barabarani. Ayaning'inize ubavuni, moja kila upande, chini na karibu na kiti kadiri inavyowezekana. Yawe yamejaa, maana dumu nusu huchezacheza kwenye kona na kuvuta pikipiki. Mpira wa tyubu unanyumbulika, kwa hiyo juu yake afunge kamba isiyovutika. Upepo nao: pikipiki nyingi zenye injini ya cc 125 na 150 hutaka karibu psi (kipimo cha upepo wa tairi) 25 mbele, 28 nyuma akiwa peke yake, na 32 akiwa na abiria au mzigo. Asome kibandiko cha pikipiki yake, na apime asubuhi tairi zikiwa baridi.

Helmeti inayopwaya hutoka kabla kichwa hakijagusa chini. Aivae, afunge mkanda hadi vidole viwili tu vipite chini ya kidevu, kisha mama uishike kwa nyuma na kuivuta kuelekea mbele. Ikitoka, arudishe dukani. Kofia ya mafundi ujenzi siyo mbadala. Imetengenezwa kwa ajili ya kuzuia kitu kinachoangukia kichwa. Na helmeti iliyokwisha kupigwa barabarani isivaliwe tena hata kama kwa nje inang'aa, kwa sababu povu la ndani hufanya kazi kwa kubonyea na halirudi lilivyokuwa. Kama abiria wanaikataa ya kwao kwa ajili ya harufu, awe na vitambaa vyepesi safi vya kuvaa ndani. Kilemba kinene hapana, kinaiinua helmeti kutoka kichwani.

Kuwasha taa mchana kunamaliza betri?

Hapana, ikiwa mfumo wa chaji ni mzima, maana injini ikiwaka ndiyo inayozalisha umeme. Washa, ili anayetaka kukata mbele yako akuone mapema. Iliyo muhimu zaidi kwenye foleni ni taa ya breki. Kila asubuhi simama karibu na ukuta, bana ya mkono, kanyaga ya mguu, kila moja peke yake, utazame mwanga ukutani. Ikiwaka kwa moja tu, swichi ya nyingine imekufa. Ikiwaka muda wote, swichi imekwama, na aliye nyuma yako hawezi kujua unasimama lini.