Kwa anayetaka kamera ya PS4 ili Gran Turismo Sport ifuate kichwa chake: usinunue

Usitoe hizo pesa. Ndugu wa Katuba, hapa Lubumbashi, umeandika kwamba una PS4, konsoli ya michezo ya PlayStation, na diski ya Gran Turismo Sport, mchezo wa mbio za magari, kwamba muuzaji amekuhakikishia kuwa ukiweka kamera ya PlayStation juu ya televisheni basi mtazamo wa ndani ya gari utageuka kila unapogeuza kichwa, na kwamba kesho unakwenda kuichukua. Ukauliza pia usukani upi unafaa na televisheni ikae umbali gani. Nimeacha chakula mezani ili nikujibu kabla hakujakucha, kwa sababu maneno uliyoambiwa ndiyo niliyoambiwa mimi, karibu neno kwa neno, na sitashangaa nikisikia kwamba mdomo ulioyatamka ni ule ule.

Gran Turismo Sport hausomi kichwa chako kupitia kamera. Mchezo huo ulitoka Oktoba 2017, na kazi pekee ambayo kamera inaufanyia ni kuangalia PlayStation VR, miwani ya kuvaa usoni inayokuonesha mchezo mbele ya macho: miwani ile ina taa tisa za buluu, kamera inaziona zikisogea, na konsoli inakokotoa kutoka hapo kichwa kiko wapi. Bila miwani hakuna taa, na bila taa mchezo hauna habari nawe hata ukitikisa shingo mpaka iume. Uso wako mtupu, ukiwa umeketi mbele ya televisheni, hauna maana yoyote kwa mchezo huo.

Najua utasema umeiona video kwa macho yako. Mimi pia nilioneshwa, kwenye simu, dukani, nikiwa nimesimama na pesa mkononi: mtu anageuza kichwa kidogo kulia, na mlango wa gari unaonekana. Video yenyewe ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya Gran Turismo 5, mchezo wa PS3, konsoli iliyotangulia PS4, uliotoka Novemba 2010, ambao ulitumia kamera nyingine kabisa iitwayo PlayStation Eye. Kamera ile inachomekwa kwa USB, na hii ya PS4 ina plagi yake ya pekee isiyoingia kwenye tundu lolote la PS3. PS4 nayo haisomi diski za PS3. Hata katika Gran Turismo 5 kwenyewe, kufuatilia kichwa kulifanya kazi katika mbio za haraka za sehemu ya Arcade, si katika ile safari ndefu ya kujipatia leseni na magari ambayo watu wengi walinunulia mchezo. Muuzaji anayeshika simu na kuonesha video hiyo huku akikuuzia kifaa cha konsoli nyingine anajua anachofanya, au hajui chochote kuhusu mali anayoiuza; katika hali zote mbili hastahili jasho lako.

Sasa sikiliza sehemu iliyonigharimu zaidi, kwa maana bei ya kamera ilikuwa mwanzo tu. Nilipoifikisha nyumbani Kamalondo na kuichomeka, konsoli iliitambua mara moja, na hata iliweza kunifungulia akaunti kwa kuutazama uso wangu. Jambo hilo ndilo lililonipoteza, kwa sababu lilinishawishi kwamba kila kitu ni kizima na kilichobaki ni kuupanga mchezo vizuri. Nilirudi kwa muuzaji. Akasema mchezo unahitaji sasisho jipya. Wewe unaishi hapa Lubumbashi na unajua sasisho la mchezo kama ule linamaanisha nini kwa mtu anayenunua mega, yaani data ya intaneti, kwa simu: gigabaiti juu ya gigabaiti, usiku kwa usiku, umeme unakatika, upakuaji unasimama, mega zinakwisha, unanunua nyingine. Pesa nilizoziteketeza kwenye mega zilizidi bei ya kamera yenyewe, na sasisho lilipokamilika hapakuwa na kitu chochote kipya kwenye menyu, kwa sababu watengenezaji hawakuwahi kukiweka. Nilirudi tena. Safari hii akaniambia kwamba kamera yangu ni ya toleo la kwanza, ile bapa, na kwamba kinachotakiwa ni ile ya mviringo ya mwaka 2016. Nikaongeza pesa nikaichukua. Ndugu yangu, kamera ile ya mviringo inafanya yale yale ya kwanza. Kilichobadilika ni umbo na kishikio chake. Hilo silisamehi, kwa sababu mtu aliyekwisha kumwona mwenzake amerudi na malalamiko alikuwa na nafasi ya kusema ukweli, akaitumia kumuuzia tena.

Kanuni niliyoipata kutoka huko ni hii, na ningependa uishike kuliko yote mengine: kamera haigeuzi mtazamo, mchezo ndio unaougeuza, kwa hiyo unaanza na mchezo. Kwenye kompyuta kuna njia ya kando. Programu ya bure kama opentrack inaichukua picha ya kamera, inakokotoa mwelekeo wa kichwa na kuupeleka kwa mchezo kwa lugha ambayo michezo mingi, ule wa magari wa Assetto Corsa ukiwamo, ilikwisha kufundishwa kwa ajili ya TrackIR, kifaa cha kompyuta cha kufuatilia kichwa. Kwenye konsoli mpatanishi wa namna hiyo hayupo wala huruhusiwi kumweka. Ikiwa waliouandika mchezo hawakuuelekeza kuisoma kamera, kamera ile ni kama redio iliyowashwa katika nyumba isiyo na watu. Wala usidhani kwamba mchezo mpya lazima uwe na kile ambacho wa zamani ulikuwa nacho. Gran Turismo 7 wa Machi 2022 nao haufuati kichwa kwa kamera. Tangu Februari 2023 unafanya hivyo kwa miwani ya PS VR2, ambayo ina kamera zake ndani yake, na hiyo ni kwa PS5 peke yake. Ukinunua toleo lake la PS4 ukitegemea miwani ya zamani, utabaki na miwani yako mkononi.

Kama hamu yako ni kuona gari likifuata shingo bila kuvaa chochote usoni, basi tafuta konsoli za zamani zilizofanya hivyo kweli. Forza Motorsport 4, mchezo wa magari wa konsoli ya Xbox 360, uliotoka Oktoba 2011, unakufuatilia kwa Kinect, kamera ya konsoli hiyo, huku mikono ikibaki kwenye usukani au manete, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, na ni lazima uwe na Xbox 360 yenyewe, kwa kuwa diski hiyo haikubaliwi na Xbox One. Kinect inatumia miale isiyoonekana kwa macho, hivyo chumba chenye mwanga hafifu hakiisumbui. Inachodai ni nafasi, kama mita 1.8 kati yako nayo, na vyumba vyetu vingi havina nafasi hiyo ukishaweka kitanda. PlayStation Eye inakubali ukae karibu zaidi, lakini yenyewe inategemea mwanga wa kawaida, na uso wenye kivuli upande mmoja huufanya mtazamo utetemeke. Katika yote mawili utagundua kwamba mchezo unakuza mwendo wako: unageuza kichwa kidogo, gari linakuonesha kioo cha pembeni, maana ukigeuza kichwa kikamilifu macho yataiacha televisheni. Mimi nilipokuja kuupata Forza huo kwa jirani, furaha ya kuona kona kabla ya kuifikia ilikuwa ya kweli, na ndiyo sababu ninakasirika hivi; kitu kizuri kipo, na kinauzwa kwa jina lake mahali ambapo hakipo.

Kwa hiyo kesho usiende na pesa, nenda na diski yako. Mwambie muuzaji aiweke kwenye PS4 ya dukani, achomeke kamera anayoiuza, aingie kwenye mipangilio ya Gran Turismo Sport na akuoneshe kwa kidole mstari unaosema kufuatilia kichwa bila miwani. Akikuambia utatokea baada ya sasisho, mwombe alifanye sasisho hilo kwa mega zake, wewe ukingoja hapo hapo. Akisema konsoli ya dukani imeharibika, mbebee ya kwako. Na ikiwa tayari umeacha malipo ya awali, yadai leo jioni kabla hajafunga duka, na uende na mtu mzima wa familia anayemfahamu.