"Soni" na "aibu": lipi libaki kwenye riwaya?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaandika riwaya yangu ya kwanza. Kuna mahali nimeandika: "Mwajuma aliona soni kula mbele ya wakwe zake." Mhariri amelikata "soni", akaweka "aibu", akisema hilo ni neno la kikabila. Mimi nimelisikia kwa bibi yangu tangu utotoni. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Hilo la ukabila ni jepesi, tulimalize kwanza. Soni ni Kiswahili, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu inalo. Isitoshe, wenzake wanaotajwa naye sana ndio waliotoka mbali: aibu, haya, staha na fedheha yote asili yake ni Kiarabu, na haya na staha yanachangia mzizi mmoja. Soni ni la Kibantu. Mganda husema ensonyi, Mnyarwanda isoni, Mbemba insoni, wasemaji wa Kilingala nsoni, Mzulu izinhloni. Mkikuyu huita thoni, na mkwe kwake ni muthoni. Kwa hiyo Mwajuma wako, anayeshindwa kumeza tonge mbele ya wakwe, amelipata neno lake hasa.

Sasa maana. Aibu yaweza kuwa tendo lenyewe au doa linalobaki baada ya tendo: twasema "amefanya aibu", "ametuletea aibu". Jaribu kusema "amefanya soni" uone kama ulimi utakubali. Soni haifanywi. Huonwa, humwingia mtu, humshika, au jambo humtia mtu soni. Ni kitu cha ndani, kile kinachomfanya mtu ainamishe macho, apunguze sauti, arudishe mkono uliokuwa ukielekea kwenye sahani. Mwenye soni huenda hajakosa lolote. Ni kweli kwamba soni hutumika pia kwa anayejutia kosa, lakini hata hapo linalotajwa ni hisia yake.

Mtu atauliza, si tungeandika "haya" tu? Kwa maana, haya ndilo lililo karibu nalo zaidi, ila lina mtego. Andika "Mwajuma ameona haya" na msomaji aweza kusimama kidogo: kaona mambo haya, au kaingiwa na haya? Mbele ya msikilizaji sauti na muktadha huokoa, kwenye karatasi usitegemee sana. Soni haina pacha wa namna hiyo, ukiacha mji wa Soni njiani kupanda Lushoto, nao huandikwa kwa herufi kubwa. Watunzi wa mashairi nao wana sababu yao ya kulipenda: mizani mbili tu, na kina cha "ni" hakina uhaba.

Mhariri wako hata hivyo hakukurupuka. Kijana wa leo mjini husema "naona aibu" kwa kila kitu, iwe kaiba, iwe kaombwa kuimba harusini. Mwenyeji naye humwambia mgeni "usione aibu, karibu chakula", na hakuna anayedhani mgeni kafedheheka. Aibu limepanuka likameza eneo la soni, ndiyo maana soni likisikika sasa lina harufu ya ukale. Binafsi naiona harufu hiyo kuwa faida kwa mwandishi, mradi ajue anaiweka kinywani mwa nani.

Ningekuwa wewe, ningelirudisha katika sentensi ile, kwa kuwa ni sauti ya msimulizi. Bibi wa Mwajuma, kama yumo, mpe vilevile. Lakini mdogo wake anayemtumia ujumbe wa simu kutoka Dar es Salaam, huyo mwachie "aibu". Akisema "soni" wasomaji watamcheka. Na uangalie upatanisho: ni "soni ilimshika", "soni nyingi". Ukurasa wa pili wa sampuli uliyonitumia umeandika "soni alimshika", kana kwamba Soni ni jirani aliyemkaba mlangoni.