Fundi wa Langoni Anajibu: Simu Ilipotumbukia Bahari

Assalaam aleikum fundi. Mimi huendesha mashua ya abiria baina ya Mokowe na Lamu. Juzi gatini nimeinamia kamba, simu ikanichopoka mfukoni ikazama. Kijana wangu akapiga mbizi akaitoa, nayo bado inawaka. Aliyeniuzia aliniapia haiingii maji, ina IP68. Nikaifukia kwenye mchele usiku kucha. Sasa inawaka lakini haichaji, na spika inakoroma. Nimedanganywa?
Nahodha, Mokowe

Wa aleikum salaam, nahodha. Hukudanganywa, uliambiwa nusu. IP68 ni kipimo cha kinga ya simu: ile 6 ni ya vumbi. Ile 8 ni ya kuzamishwa, kwa kawaida zaidi ya mita moja, kwa kina na muda anaousema mtengenezaji mwenyewe. Kipimo hufanywa kwa maji matamu yaliyotulia, simu ikiwa mpya. Hakuna aliyeipima yako gatini Mokowe, tena baada ya kuangushwa mashuani mara kadha wa kadha. Gundi inayoziba kingo huchoka.

Huo mchele nao mji mzima unauamini, na wake zenu ndio wanaopata hasara. Kila lita ya maji ya bahari ina chumvi kiasi cha gramu 35. Umepita mashamba ya chumvi ya Gongoni ukienda Malindi? Maji hufungiwa juani, yakienda zake chumvi inabaki. Simu yako imefanywa vivyo hivyo ndani ya mchele. Baya zaidi, ilikuwa ikiwaka, kwa hiyo umeme wa betri ulikuwa ukivuka ndani ya maji ya chumvi kutoka jino hili la tundu la chaji hadi lile, na kila ulipovuka ukala shaba. Simu kama yako nikiifungua nakuta utando wa kijani kwenye meno, na chembe nyeupe zimeganda kwenye wavu wa spika. Wakati mwingine jino limeliwa limebaki kishina.

Izime sasa hivi uniletee, na usilichokonoe tundu kwa sindano. Nitachomoa betri, nisugue bodi kwa brashi laini na spiriti ya isopropili. Kwenye simu nyingi tundu la chaji limekaa kwenye bodi yake ndogo, inabadilishwa peke yake bila kugusa ile kubwa. Ikiwa chumvi haijafika mbali, tutaipata.

Siku nyingine ikizama, zima kwanza. Zima kabla ya kumpigia mtu kumwambia imezama, nawajua nyinyi. Toa kijidroo cha laini. Kama simu ina IP67 au IP68, kioo kizima, na haijawahi kufunguliwa, rudisha kijidroo uisuuze kwa maji matamu. Watu hunikodolea macho nikisema hivi, lakini chumvi haitoki kwa kukaushwa, hutoka kwa kuoshwa. Tumia maji ya chupa au ya mvua, si ya kisima cha uani, maana visima vingi vya mji huu vina chumvichumvi. Kisha ikung'ute tundu likitazama chini, uiache kivulini penye upepo. Usiianike darini juani, wala usiichomeke chaji mpaka ikauke kabisa. Simu isiyo na kinga yoyote usiisuuze mwenyewe. Izime uilete siku hiyo hiyo.

Ya garantii usiyatumainie sana. Watengenezaji wengi hawafidii uharibifu wa maji hata kwa IP68, na ndani ya simu nyingi mna kikaratasi cheupe kinachogeuka chekundu kikilowa. Ndicho wanachochungulia kwanza. Nunua ule mfuko wa kuzuia maji wanaouvaa wageni shingoni kule Shela. Abiria watacheka, wacha wacheke.

Kaka fundi, pawabenki yangu imeandikwa 20,000 mAh, betri ya simu 5,000. Hesabu yangu ni kuchaji mara nne. Tukilala baharini inanipa mara mbili na nusu, ikizidi ni tatu. Ni feki?
Mvuvi, Faza

Si feki, na ungeipata ya kukupa nne ningekuomba uniuzie. Zile 20,000 zimepimwa kwenye betri za ndani, ambazo zina volti 3.7. Kwenye waya umeme hutoka kwa volti 5, basi 20,000 mara 3.7 gawanya kwa 5, unabaki na 14,800. Hapo bado ule unaopotea kwa joto, kwenye pawabenki na kwenye simu yenyewe. Geuza yako usome maandishi madogo ya mgongoni. Walio waaminifu huandika kipimo cha pili, kidogo kuliko kile kikubwa. Ya kuiogopa ni ile iliyoandikwa 50,000 na inaingia mfuko wa shati. Yako ikiwa ya kweli haikosi uzito wa gramu 300 na ushei.

Mwanangu, nimenunuliwa simu mpya. Kwenye ya zamani nina sauti za marehemu kaka yangu katika WhatsApp. Mjukuu anasema nikihama zitapotea.
Bibi, Mkomani

Shikamoo bibi. Hazipotei, ila mjukuu asiwe na haraka. Kama zote mbili ni za Android, zikae pamoja zimewashwa, Wi-Fi iwe wazi. Kwenye ya zamani aingie mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya gumzo, achague kuhamisha gumzo. Ya mpya itatoa ule mchoro wa miraba, ya zamani iupige picha. Sauti zitavuka bila kula bando lako. Njia ya pili ni kuhifadhi kwenye Google Drive, lakini tangu 2024 hifadhi hiyo inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure, na picha za harusi huenda zimeshazijaza. Akitumia njia hiyo, namba iwe ile ile na akaunti ya Google ile ile, na simu mpya ikiuliza kama irejeshe, asibonyeze kuruka. Simu ya zamani usimpe mtu kwanza. Zisikilize zote kwenye mpya, bibi, ndipo uitoe.

Nimepigiwa na mtu ajiitaye wa WhatsApp, anataka namba sita zilizoingia kwa ujumbe.
Mwanafunzi, Shela

Usimpe. Ukimpa, akaunti ni yake, na jioni hiyo shangazi zako wataombwa pesa kwa jina lako. Ingia mipangilio, akaunti, uweke uthibitishaji wa hatua mbili. Chagua PIN ambayo si tarehe yako ya kuzaliwa.