Anasikia sauti na anatumia unga: kipi kitibiwe kwanza?

Swali: Kijana wangu ana miaka 26, tunakaa Barani, Malindi. Mwaka wa tano huu anajidunga unga (heroini), na tangu mwaka jana anasikia sauti. Anameza dawa za akili, haloperidoli na kabamazepini. Mhudumu mmoja alituambia metadoni, dawa inayotolewa badala ya unga, hapewi mpaka akili itulie, mwingine akasema aache unga kwanza. Shemeji yangu anataka afungiwe soba hausi (nyumba ya kuachishia unga) siku 90. Nifanyeje? (Mama wa Barani)

Jibu: Mama, vyote viwili vitibiwe pamoja. Hiyo kauli ya "akili kwanza" ndiyo inayowafungia mlango wagonjwa wa akili kuliko uhaba wa dawa wenyewe. Mtu mwenye alosto, yaani maumivu ya kukosa unga, anatapika, mifupa inamuuma, hapati usingizi; akili yake itatuliaje? Usiku huohuo atatoka kutafuta kete, na vidonge vya akili vitabaki kwenye kabati. Kusikia sauti hakumzuii mtu kupewa metadoni. Kinachotakiwa ni aelewe anachokubali. Akiwa amechanganyikiwa kiasi cha kutoelewa, alazwe atulizwe, dawa aanzishiwe wodini. Mueleze daktari pia kama anatumia bangi au muguka, maana unga peke yake ni nadra kuleta sauti.

Sasa hizo dawa zake, hapo ndipo penye kazi. Metadoni huanza na miligramu 10 hadi 30 kwa siku, ikapandishwa 5 au 10 kila baada ya siku kadhaa. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Haiharakishwi, kwa sababu hujikusanya mwilini: dozi ileile ya siku ya kwanza huwa nzito zaidi siku ya nne. Kabamazepini nayo hulifanya ini liivunje metadoni upesi, kwa hiyo alfajiri kijana ana alosto tena, na mtaani wanasema metadoni haifanyi kazi. Lakini kabamazepini msiiache wenyewe! Ikikatwa ghafla, metadoni hupanda kwenye damu na pumzi inaweza kukatika. Daktari anaweza kumhamishia dawa nyingine, kama valproeti, huku akiangalia dozi.

Haloperidoli na metadoni, kila moja huchelewesha umeme wa moyo. Ombeni kipimo cha umeme wa moyo kabla ya kuanza, na tena dozi ikipanda, hasa ikipita 100. Akizimia ghafla au moyo ukimwenda mbio, hospitali siku hiyohiyo.

Kliniki ya metadoni iko hapo Malindi hospitali tangu 2015. Nendeni na vidonge vyote mkononi, hata vya kununua dukani. Hasa diazepamu na bugizi (rohypnol), ambavyo watu huuziwa bila cheti "vya kulalia". Metadoni na vidonge hivyo ndio mchanganyiko unaozima pumzi usingizini, na pombe ni hivyohivyo.

Kuhusu soba hausi, mwambie shemeji hivi: siku 90 bila dawa haziponyi, zinapunguza tu uwezo wa mwili kustahimili unga. Akitoka akapiga kipimo chake cha zamani, kinamuua. Na wanaomfunga mgonjwa wa akili kwa mnyororo, wakamnyang'anya haloperidoli kwa jina la "kusafisha damu", hawatibu chochote; wanakula pesa za wazazi waliokata tamaa. Kombe (maji ya aya za Kurani) na kusomewa havigombani na metadoni. Anayekwambia uache dawa ndipo kombe likubali, huyo muepuke.

Akikosa dozi ya metadoni siku tatu mfululizo, asirudie kiwango cha zamani. Dozi hupunguzwa, na siku zikizidi tano huanzishwa upya. Ulizeni kliniki kuhusu naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga au metadoni. Mkimkuta anakoroma ovyo, midomo imegeuka buluu, mboni za macho ndogo kama ncha ya sindano, mpulizieni pumzi mdomoni, mpeni naloksoni kama mnayo, na mmoja aite gari. Akianza kupumua, mlazeni ubavu. Msimwache hata akizinduka, kwa kuwa naloksoni huisha mwilini kabla ya metadoni.