Urudishie Mwani Maji Yake Ndipo Uutazame

Kama umewahi kutembea ufukweni Jambiani au Paje, kwetu Unguja, msimu wa kusi, umeyaona yale marundo: mwani uliotupwa na mawimbi, mweusi juu, unaoza chini, nzi wamejaa. Mgeni anauruka, wenye hoteli wanaufukia. Mimi niliyezaliwa hapo nilikuwa naukanyaga tu na kupita. Kwetu mwani wa maana ulikuwa ule unaolimwa kambani, unaokaushwa na kupimwa kwa kilo. Mwingine wote tuliuita takataka za bahari.

Kilichonibadilisha ni sinia. Mpwa wangu, akiwa na miaka mitano, alichota maji ya bahari kwenye sinia jeupe tulilomaliza kulia, akatumbukiza humo fundo la mwani aliloliokota njiani. Lilikuwa limeshikamana kama nywele zilizolala na maji ya chumvi. Niliinama nimkemee kwa ajili ya sinia, nikasita. Lile fundo lilikuwa linafunguka. Nyuzi nyekundu, laini kuliko hariri, zilijitenga moja moja. Kila uzi ukagawanyika pande mbili, na kila upande ukagawanyika tena, hadi ncha zikawa nyembamba kuliko kope la mtoto. Nililiinua kwa kidole, likawa uchafu. Nililirudisha, likawa kitu ambacho hakuna fundi wa kanga aliyewahi kukichora.

Sababu ni nyepesi. Mti una gogo la kuusimamisha. Mwani hauna, unasimamishwa na maji. Ukiutoa umeutoa mifupa. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: usiuhukumu mwani ukiwa mkavu. Beba sahani nyeupe, maji ya bahari yapo palepale.

Wakati mzuri wa kwenda ni bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji yakipwa mbali. Kwetu Unguja siku hizo maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, jua likiwa na mwanga wa kutosha lakini halijaanza kuchoma. Vaa viatu. Usiguse kamba za watu. Shamba la mwani lina mwenyewe kama shamba la muhogo, hata kama huoni kiambaza. Na using'oe ulioshika jiwe. Uliokatika wenyewe na kuelea unakutosha, na kuzidi.

Ukiwa na sahani yako, tafuta kwanza huu: unafanana na pepeo dogo la kahawia, ukingo wake umejikunja kwa ndani, na juu yake pana mistari ya duara moja nje ya nyingine. Wataalamu wanauita Padina. Ukiupitishia kidole utahisi kama umeshika ukuta uliopakwa chokaa, na kweli ni chokaa, mwani wenyewe umeitengeneza. Jirani yake pengine utauona Halimeda, wa kijani, kama dengu zilizotungwa uzi mmoja. Huo nao umejaa chokaa. Unapokufa, rangi inaondoka, zile dengu zinaachana, zinakuwa punje nyeupe. Sehemu ya ule mchanga mweupe unaopigwa picha na watalii ni mwani huu uliokufa. Siku nilipojua hivyo nilichota gao la mchanga, nikalitandaza juu ya kanga nyeusi, nikazipata punje zenye umbo lilelile la dengu. Fanya hivyo, usichukue neno langu tu.

Kisha kuna Caulerpa, unaotambaa mchangani na kuinua vishada kama zabibu mbichi au kama manyoya ya ndege, kutegemea aina. Huu ndio unaonifanya nikae kimya. Mzizi wake, shina lake, vishada vyake vyote ni seli moja. Ndani hamna kuta zinazogawa chumba na chumba kama kwenye jani la mwembe; ni chumba kimoja kirefu chenye viini vingi. Na kwenye mianya ya mawe usipitwe na Valonia, gololi ya kijani inayong'aa kama imepakwa mafuta. Nayo ni seli moja, na unaishika kwa vidole viwili.

Ukitaka kuhifadhi, njia ni ya zamani na haihitaji fedha. Mimi nilikosea mara nyingi, kwa hiyo nitakueleza na makosa.

Jaza maji ya bahari kwenye sinia pana. Uache mwani uelee, ujipange. Pitisha karatasi nene chini yake, ile ya kuchorea rangi za maji, manila hukunjamana. Kwa brashi laini au kijiti cha meno, tandaza matawi yanayolaliana, lakini usilazimishe sura. Kisha inua karatasi polepole ukianzia upande mmoja, maji yatiririke yenyewe. Hapa ndipo pa subira. Ukiinua kwa pupa, kazi yote inakimbilia kona moja.

Juu ya mwani weka kipande cha chandarua kilichochakaa au kitambaa chembamba, ili usigandane na karatasi ya juu. Zungushia magazeti, weka ubao, na juu ya ubao weka vitu vizito. Magazeti yabadilishe mara mbili siku ya kwanza, halafu kila siku hadi yatoke makavu. Mwani mwekundu mlaini hautaki gundi, una ute wake unaojishikiza wenyewe. Ule mgumu wa kahawia, kama Sargassum wenye vile vipovu vya kuelea, utahitaji tone la gundi au uzi.

Sasa makosa. La kwanza, nilidhani nauosha vizuri kwa maji ya kisima. Dakika chache tu, maji yakageuka rangi ya waridi na uzi wangu ukapauka. Maji yasiyo na chumvi yalikuwa yamezipasua seli laini na rangi imetoka. Tangu hapo mwani mwekundu mlaini naushughulikia ndani ya maji ya bahari mwanzo hadi mwisho. La pili, niliusahau wiki nzima ndani ya magazeti yaleyale wakati wa masika. Pwani yetu ina unyevu. Nilipofungua nilikuta kuvu imeota kila mahali. La tatu ndilo linaloniuma hadi leo: karatasi ishirini na kitu za mwanzo sikuziandika kitu. Nzuri, lakini sijui nilizitoa wapi wala lini. Picha ya namna hiyo ni pambo, haiwezi kumsaidia mtu anayetaka kujua bahari imebadilikaje. Andika kwa penseli, kwa sababu wino huvuja: mahali, tarehe, hali ya maji, ulikuwa jiweni au unaelea.

Kuna mwanamke mmoja wa Uingereza ambaye huwa namkumbuka kila ninapoinua karatasi majini. Anaitwa Anna Atkins, alizaliwa mwaka 1799. Wakati wake kulikuwa na kitabu cha William Harvey cha mwani wa Uingereza, cha mwaka 1841, kilichoeleza kila aina kwa maneno bila picha. Atkins aliona kuwa vitu vidogo namna ile ni vigumu kuvichora kwa usahihi. Mwaka 1842 John Herschel alikuwa amevumbua njia ya kuchapa picha kwa jua: karatasi inapakwa chumvi za chuma, kitu kinawekwa juu yake, inaanikwa juani, kisha inasuuzwa kwa maji. Palipopigwa na jua panakuwa buluu iliyokolea, palipofunikwa panabaki peupe. Atkins akalaza mwani wake mkavu juu ya karatasi hizo, mmoja baada ya mwingine, akaandika majina kwa mkono wake. Sehemu ya kwanza ya kitabu chake ilitoka Oktoba 1843, na kazi nzima ilimchukua miaka kumi. Wanahistoria wengi wanakihesabu kuwa kitabu cha kwanza duniani chenye picha za kupigwa kwa mwanga.

Nikitazama kurasa zake nilichokipenda kuliko vyote ni ile buluu. Hakuichagua, ni rangi ya dawa yenyewe. Lakini mwani mweupe umeelea katikati yake kana kwamba haujatoka baharini. Amekausha mimea, ameichapa, na mwisho ameirudishia maji yake.

Habari ya rangi inanirudisha jikoni kwa mama. Mama yangu analima mwani tangu kilimo hiki kilipoingia Jambiani na Paje mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Anaujua spinosamu na kotoni, aina mbili zinazolimwa kwetu, kwa kugusa gizani. Siku moja alikuwa anachemsha mwani wa kutengenezea sabuni, akaniita: "Mwanangu, wewe unayesoma, njoo unieleze hili." Mwani aliouingiza ukiwa mwekundu wa kahawia ulikuwa umegeuka kijani ndani ya sufuria. Jibu ni kwamba kijani kilikuwemo siku zote. Mwani mwekundu una rangi ileile ya majani, ila juu yake umevaa rangi nyekundu inayousaidia kunasa mwanga wa buluu na kijani unaofika chini zaidi majini. Moto unaiharibu ile nyekundu, ya chini inajitokeza. Hata Sargassum wa kahawia ukiumwagia maji ya moto hubadilika hivyohivyo mbele ya macho yako. Watoto wakija kwangu hii ndiyo naanza nayo, na hawasahau.

Harvey huyohuyo alipendekeza mwaka 1836 kuugawa mwani kwa rangi: mwekundu, wa kahawia, wa kijani. Mgawanyo wake umedumu hadi leo kwa kiasi kikubwa, ingawa undugu ni wa ajabu kuliko alivyoweza kujua. Mwani wa kijani ni jamaa ya mwembe na mpunga. Wa kahawia hauko ukoo huo kabisa. Ndugu zake wa karibu ni diatomu, vile viumbe vya seli moja visivyoonekana kwa macho.

Diatomu ukitaka kuziona itakubidi upate hadubini, hata ya skuli. Kwangua ule utelezi wa kahawia juu ya jiwe la mtoni au la ufukweni, weka tone kwenye kioo. Kila moja imejijengea nyumba ya kioo yenye vipande viwili, kimoja kikifunika kingine kama kopo na kifuniko chake, na kioo hicho kimetobolewa nakshi za kulingana kuliko mlango wa Mji Mkongwe. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya, kuna mlima mweupe unaochimbwa ambao ni nyumba za diatomu wa ziwa la kale zilizorundikana. Jiwe lake ukilishika ni jepesi hadi unashangaa.

Nina ushauri mmoja zaidi, na huu nimeuchukua kwa Kathleen Drew-Baker, mtaalamu wa mwani wa Manchester, Uingereza. Usitupe doa. Wajapani walikuwa wanalima nori, mwani wanaoula, kwa karne nyingi bila kujua mbegu yake inajificha wapi msimu wa joto. Mavuno yakikosekana, yamekosekana. Drew-Baker alikuwa akichunguza mwani wa Uingereza wa jamii hiyohiyo. Mwaka 1949 alitangaza kwamba lile doa, ule utando wa waridi unaoota ndani ya magamba ya kombe, uliodhaniwa ni mmea mwingine kabisa, ni ujana wa mwani huohuo. Baada ya hapo wanasayansi wa Japani waliweza kuotesha mbegu kwa makusudi, na kilimo cha nori kikaimarika. Alifariki mwaka 1957, hakuwahi kufika Japani. Huko Uto, mkoa wa Kumamoto, walimjengea mnara, na kila tarehe 14 Aprili humkumbuka kwa jina la Mama wa Bahari.

Nilimsimulia mama habari hiyo tukiwa tunafunga taitai, zile nyuzi fupi za kushikizia mwani, kwenye kamba mpya. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na kotoni wetu unaokufa maji yakipata moto, nani anautazama?" Wapo wanaoutazama, nilimwambia, na yeye mmojawao. Hakuna mtu anayeuona mwani ule siku nyingi kuliko yeye.

Wiki hiyo aliniletea kichane kimoja kutoka shambani, akataka na chake kikaushwe. Tulikiacha kielee kwenye sinia. Ncha zake tatu zilikuwa zimekatwa sawasawa. Nilitaka kuchagua kingine kizima, akanizuia mkono. Nilipochukua penseli aliniambia niandike kama anavyosema yeye, nisipunguze. Karatasi hiyo ipo ukutani kwake. Chini ya mwani imeandikwa: Jambiani, bamvua la mwezi mpevu, upepo kusi, maji yana moto, umeliwa na tasi.