Ukiwa Chennai na una siku moja, nenda Mahabalipuram

Mkuu, umesema unampeleka mzazi Chennai, India, kwa matibabu, mtakuwa na siku ya kungoja majibu ya vipimo, na unauliza kama yale mahekalu ya kale yanafaa kuendewa. Nenda bila kusita. Mimi nilikuwa huko nikimuuguza mama. Dada aliposhika zamu wodini, nikachukua teksi alfajiri hadi Mahabalipuram, kama kilomita 60 kusini, kandokando ya bahari.

Anzia kwenye mahekalu matano yanayoitwa Pancha Rathas. Hayakujengwa. Karne ya 7, enzi za wafalme wa ukoo wa Pallava waliotawala kusini mwa India, mafundi walilichonga jabali la itale likiwa palepale ardhini, wakianzia juu kushuka chini, mpaka paa, nguzo na sanamu vikatokea ndani ya jiwe lenyewe. Lile liitwalo la Draupadi, mhusika wa hadithi za Kihindu, dogo kuliko yote, utadhani kibanda cha makuti. Wageni wengi hupiga picha na yule tembo wa jiwe, kisha huyoo. Wewe zunguka, uangalie sehemu za chini. Kazi haikumalizika! Jingine, la Bhima, juu limenakshiwa, chini bado ni jiwe ghafi. Nilisimama hapo muda mrefu, maana ndipo nilipoelewa: fundi aliyeharibu juu hakuwa na jiwe jingine la kuweka. Heshima niliyokuwa nayo kwa wachongaji iliongezeka mara dufu.

Karibu na hapo kuna uso wa mwamba, upana wake karibu mita 30, umejaa miungu, watu na tembo. Mtafute paka aliyesimama kwa miguu ya nyuma akijifanya mtawa, panya wamemzunguka.

Hekalu la ufukweni ni la mwanzoni mwa karne ya 8, nalo ni la mawe yaliyopangwa. Upepo wa chumvi umekula sura za sanamu nyingi. Lione, lakini muda wako uweke kule kwa matano.

Jua ni kali mno, hasa Aprili na Mei, kwa hiyo wahi asubuhi, beba kofia na maji. Madafu yanauzwa njiani. Mgeni hulipa kiingilio kikubwa kuliko raia wa India, usishangae.

Mkipata siku nyingine, nenda mji wa Kanchipuram kwenye hekalu la Kailasanathar. Huko ibada bado zinafanyika: vua viatu, vaa kwa staha, na asiye Mhindu haingii chumba cha ndani kabisa. Usikasirike. Uani kuna vihekalu 58 vimepangwa ukutani, na hivyo utavitazama hadi utosheke.